Nafasi ya Inchi Mbili

Miaka kumi na tisa nimepima waliolala.
Hapa Kibuye, nyuma ya wauza mitumba,
futikamba yangu inajua urefu wa wazee wa Seme,
wa vijana wa bodaboda, wa watoto
(hao siwahesabu).
Aliyelala hana ugumu: hasogei, hacheki,
na jamaa zake hawabishani sana na bei.

Alhamisi moja akaja Perez wa Nyalenda, muuza omena,
mtoto mgongoni, kafungwa kwa leso mbili,
miguu mirefu ikining'inia hadi magotini pa mama.
Kabla hajasema neno nilishusha macho,
nikatoa ile sauti ya kazi yangu:
"Pole, mama. Mazishi ni lini?"

Akanitazama.
"Fundi, huyu ni Ogalo. Ana miaka saba. Yuko hapa."
Na Ogalo, kama kuthibitisha, akanidondoshea mate begani,
akacheka
kicheko cha bawaba iliyokosa mafuta.

Alikuwa na karatasi. Mtaalamu wa viungo, kliniki ya Jumanne,
alimchorea nyuma ya risiti: kiti cha kona,
mgongo wima, kabari katikati ya mapaja,
meza mbele yenye ukingo, bakuli lisitoroke.
"Vya dukani bei yake ni ng'ombe," akasema.
"Ng'ombe sina. Nina mgongo tu,
na mgongo nao umeanza kukataa."

Kupima kifua nilijua.
Sikujua kupima kifua kinachopanda na kushuka.
Nikinyoosha utepe, Ogalo anajikunja kama maranda;
nikiisoma namba, mkono wake unaruka, unainyakua.
Wateja wawili wenye misiba yao halali
walisubiri, wakachoka, wakavuka kwa jirani.
"Ongea naye," mama akaninong'oneza.
"Akisikia sauti, misuli inalegea."
Niongee nini? Nikanadi inchi kama samaki:
kumi na moja! Kumi na moja na nusu! Nani aongeze?
Goti likafunguka. Kisha kiwiko.
Kisha vidole, kimoja kimoja.

Nikauliza: ukienda sokoni, anabaki na nani?
"Na mlango."
Akakunja leso, akaikunjua.
"Jirani humchungulia saa nne, akikumbuka.
Shule ya karibu haina mtu wa kumshika.
Yenye mtu iko mbali, ni ya kulala,
na Ogalo halali bila kushika sikio langu."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na penseli.

Mbao ni saiprasi, mabaki ya jeneza la mwalimu.
Mkanda nilikata kwenye Nisani iliyopondeka Kondele.
Sponji, nisimfiche mtu, ni ya godoro langu,
upande wa miguuni.
Mke wangu akauliza nani amekufa
hata napiga msasa usiku wa manane.
Nikamwambia: hakuna. Ni mtu anataka kukaa.

Siku ya kuchukua tulimweka hapo nje, kwenye jua.
Shingo ikayumba, ikatafuta, ikasimama.
Kuku akapita. Ogalo akamfuata kwa macho
mpaka kuku akaisha.
Perez akabaki na mikono mitupu,
hajui aiweke wapi.
Akaitia kiunoni. Akaitoa. Akaketi kwenye gogo langu,
akanywa chai yote bila kuinuka hata mara moja.

Alilipa gorogoro mbili za omena, na deni.
Sasa Jumanne, kliniki ikifungwa,
mama wengine huniletea michoro nyuma ya risiti,
na majirani wangu wa majeneza wananicheka:
fundi amehamia kwa walio hai, kusiko na faida.

Pale kwenye nyonga na chini ya nyayo
nilikuwa nimeacha nafasi, inchi mbili.
Mkono wangu ulisita kuziacha;
haukuwa umewahi kuombwa.
Jeneza haliachiwi nafasi ya kukua.

Jana Perez amerudi, na Ogalo, na kiti.
Inchi zote mbili zimekwisha.
Nimetoa penseli sikioni.