Kata Wewe

Simu hii kaniletea Shaame, mdogo wangu.
Ilishatumika, pembe imemeguka,
na usoni ina plastiki ya gulioni Konde
niliyoibandika mwenyewe, kwa ukucha na subira,
isije ikachubuka.

Ila yake moja: ukipokea, kioo hufa.
Ukiitoa sikioni hakifufuki.
Uibonyeze ubavuni, uifute kwa upindo wa kanga,
uisomee Kulhuwallahu,
kiza tu, na sura yangu ndani yake,
na mtu wa upande wa pili anaendelea kupumua.

Nilipata kuwapigia watu wa umeme.
Sauti ya mwanamke, laini kama shira:
kwa Kiswahili, bonyeza moja.
Nibonyeze wapi, mwanangu?
Akarudia. Akarudia. Mwisho akaniaga kwa adabu.

Shaame naye ana adabu. Hakati simu ya mkubwa wake.
Mwaka wa nane yuko Tandika, duka la unga na sabuni;
wasiomjua jina humwita Mpemba, basi,
nenda kwa Mpemba kalete chumvi.
Na kila Alhamisi, baada ya Isha:
Haya, dada.
Haya, baba.
Msalimie mama.
Zimefika.
Haya basi.
Haya.
Kata wewe.

Alhamisi ile kioo kilikufa kama desturi yake.
Nikailaza simu juu ya kofia niliyokuwa nikiishona,
nikasema, dakika ni zake, zitakwisha zenyewe.

Yeye naye kailaza, nadhani juu ya mizani,
maana nilisikia chuma kikilia.
Kisha mlango. Kisha sauti ya mwanamme mzima:
"Miezi mitatu, Shaame. Fremu yangu si msikiti."
Na Shaame, kwa sauti nisiyoijua,
nyembamba, ya mtu anayepita kwenye miba:
"Nilikuwa nazo, mzee. Wallahi nilikuwa nazo.
Nyumbani mama alikuwa analala anahamisha ndoo."

Sindano ilikuwa kidoleni. Sikuitoa.

Bati thelathini. Tulizipokea kwa vigelegele
bandarini Wete, jirani akasema
mtoto wa kiume ndiye huyu.

Nikainama, nikabana pumzi
asije akanisikia nikimsikia,
mpaka dakika zikamalizika.

Asubuhi nikenda kwa Massoud, nyuma ya soko.
Hakufungua hata skurubu moja.
Akanyanyua plastiki ukingo wa juu:
"Bi Mize, hapa pana kijicho.
Kikiona sikio, kinazima taa.
Wewe umekiziba. Kinadhani sikio halijaondoka."
Akacheka, hakutaka pesa.
Halijaondoka, nikamwambia.

Alhamisi nyengine. Haya, dada. Haya.
Sasa kioo kinawaka kama sinia,
na duara jekundu limekaa pale
kama tungule, linasubiri kidole.
"Shaame," nikasema, "fundi alipima vibaya.
Bati kumi zimezidi, mwenye duka kazipokea,
pesa ntakurushia kesho."
Sikumtajia kofia sita, wala herini za harusi yangu.

Kimya. Nyuma yake mtu anauliza bei ya kiberiti.
"Zimezidi vipi, dada? Nilihesabu mwenyewe."
"Zimezidi."
"Haya."
"Haya. Leo kata wewe."

Hakukata.
Nami nikakiwekea kijicho kidole gumba,
kioo kikarudi kizani, kwa hiari yangu.
Mama kalala chumba cha pili, hana ndoo.
Mvua ikaanza, kwanza moja moja, kisha zote.
Sikusema neno.
Niliinyanyua simu juu, mkono wote,
karibu na bati,
asikie.