Kisingizio cha Nauli

Mashine haikuvitambua vidole vyangu.
"Bonyeza tena, bibi," akasema kijana wa halmashauri,
nami nikabonyeza, dole gumba, kisha cha shahada,
vidole vilivyochuma chai miaka thelathini
hadi mistari yake ikabaki shambani Katumba.

Siku ya nne wakakubali niweke sahihi.
Nikapewa kadi: uso wangu mdogo kama stempu,
na chini yake, kwa wino wa bluu, ASITOZWE NAULI.

Nimekaa nayo wiki mbili.
Nje ukungu, na mvua ya Tukuyu isiyojua kuaga.
Fimbo imeegemea mlango, inanitazama.

Maana Atupele, mdogo wangu, yuko Kiwira.
Si mbali. Miaka sita.
Tuligombania cherehani ya mama, akaichukua yeye,
na kila aliponiita, msibani,
kwenye ubarikio wa mjukuu,
nilimrudishia neno lile lile:
nauli, mdogo wangu, sina nauli.

Sasa nimelipiwa.
Nimenyang'anywa uongo wangu mmoja uliokuwa ukinitosha.

Leo nimefungua pindo la kanga.
Elfu mbili ya safari imelala pale, haina kazi.
Nitamnunulia uzi mweusi
na sindano za cherehani, zile namba kumi na nne.

Ngazi ya basi ni ndefu kwa goti hili;
kadi haikuandikwa lolote kuhusu ngazi.
Konda, nishike mkono.
Taratibu, baba.
Sina haraka ya kuomba radhi.