Suala la Mfereji

Jirani yangu Waziri
wa Mambo ya Nje, mahiri,
miaka kumi safari,
amerudi Mkomani.

Punda sita walibeba
suti, tai na mikoba,
na nyuma, punda wa saba
na picha za ugenini.

Picha kasimama wima
na wakubwa wa heshima,
meno yote, wakisema
sijui kwa lugha gani.

Kaanza na pasipoti,
karani asiye kiti,
akapanda kama mti:
balozi, kisha enzini.

Kazi yake yote: neno.
Kulisaga kwenye meno
mpaka lipe mkono
mahasimu wa mezani.

Nami hapa, Mwanatumu,
nashona kofia humu.
Mume wangu marehemu
kasoma naye chuoni.

Mfereji ni mmoja
kati yetu, na kioja:
hauendi, unangoja,
na uvundo u nyumbani.

Nikamweleza. Kajibu
kwa barua ya adabu:
“Suala hili karibu
tutalitia mezani.”

Mwezi wa pili, waraka,
kurasa sita: mipaka,
wapi maji yalitoka,
yafikaje ufuoni.

Wa tatu, kaleta tume:
wapwa wawili waume.
Kila shimo walipime!
Wakanywa kahawa ndani.

Usiku mvua kanyesha,
maji kwangu yakaosha
kofia zilizokwisha
ishirini, za dukani.

Nikashika jembe langu,
nikabisha kwa uchungu:
“Ondoka kwenye mizungu
ya mezani, njoo chini!”

Katoka bila viatu,
peke yake, hana watu,
akashuka ngazi tatu
topeni hadi gotini.

Tukachimba, kukatoka
vifuu, bati na taka;
likaja, limekunjika,
kopo la mamake, duni.

Akalifuta kwa nguo,
uso wake kama chuo
kilichokosa funguo,
ndipo kauliza: “Lini

mama yangu alikoma
kunitaja?” Nikasema,
“Usiku wa mwisho, homa
ikimuwaka kichwani,

alikuita kwa jina
la utoto. Ukinena
kwenye redio, mchana,
tulitulizwa nyumbani.”

“Siku ile ya maziko
nilikuwa huko huko,
kuyazima machafuko
ya nchi mbili jirani.

Wino ulipokauka
simu mbili nikashika:
moja, vita vimezuka;
moja, mama kaburini.”

Sikumpa pole. Jembe
nilimpa, asiombe.
Maji hayana wajumbe,
yajua kwenda bondeni.

Kwa adhana yakapita,
meusi, yakikokota
majani, povu, mafuta,
yakatoka ufuoni.

Picha za wakubwa wale
zimelala vile vile.
Kwenye kidaka cha mbele
kuna kopo, na sabuni.

Kofia? Hajanilipa.
Jana barua kanipa,
imeandikwa kwa pupa:
“Tutalitia mezani.”