Marehemu Akamimina Chai

Kitabu changu hakina uzito.
Mama aliponiuliza kwa simu kutoka Mwingi,
"Nitakiweka wapi, kabatini au juu ya redio?"
nilikosa jibu, nikasingizia mtandao.

Mchana naandikia watu.
Mteja wa ng'ambo ataka kurasa kumi
za kumtunza mbwa mzee; sijawahi kufuga mbwa.
Mwingine ataka kumbukumbu za utoto wake,
theluji na babu mkali, na pembeni ameandika: ongeza machozi.
Naongeza. Machozi ninayo, theluji naazima.
Jina langu halimo.
Mwiko hupika, mwiko haualikwi mezani.

Ila usiku, tokeni za stima zikisalia,
hapa Zimmerman, ghorofa ya nne, nyuma ya kamba za nguo,
niliandika cha kwangu. Miaka miwili.
Otwoma alinichorea jalada kwa chapati tatu na madondo:
mlango wa buluu, kivuli cha mtu kizingitini.
Nikakipakia saa nane, bando la usiku ni rahisi,
bei shilingi mia na hamsini.
Kikapanda polepole, asilimia arobaini, tisini,
nami nimeishika simu kwa mikono miwili
kama kuku wa sokoni asije akaruka.

Kisha kimya.
Siku ya kwanza, sufuri.
Ya nne, sufuri,
imebakiza herufi moja tu iwe sufuria, nayo tupu.
Marafiki mia mbili waliniinulia dole gumba;
dole gumba halisongi ugali.
Siku ya kumi na moja: nakala moja.

Moja!
Nikaikodolea macho kama mwezi mwandamo.
Nani? Si Otwoma, yeye nilimpa bure.
Si Mama, simu yake ni mulika mwizi.
Nikajiundia msomaji: mwalimu mstaafu,
miwani ya kamba shingoni, kibaraza chenye maua,
akifika mwisho anakaa kimya kwa heshima.

Jumamosi nikashuka kutoa pesa.
Nyaboke wa kibanda cha Mpesa akahesabu noti,
akazishika, hakunipa.
"Ni wewe wa mlango wa buluu?
Jina lako nalijua, naliandika kila wiki kwenye hili daftari."
Moyo ukapanda ngazi, ukaniacha pale.
"Huyo Bwana Ndolo," akasema, "alikufa sura ya tatu.
Tulimzika. Nililia hapa hapa,
mteja akadhani nimetapeliwa.
Sasa sura ya saba anamimina chai.
Chai gani? Nimerudia mara mbili
nikidhani ni mzuka. Ni mzuka?"

Ningeweza kusema ndiyo.
Ningejiita mwandishi wa mafumbo, nikaondoka na noti zangu.
Nikasema, "Nilisahau kwamba amekufa."
Akanitazama kwa muda. "Mkewe hakusahau," akasema,
akanipa pesa, akaita, "Anayefuata!"

Usiku ule tokeni zilikuwa zimebaki mbili nukta moja.
Nikalizima taa, nikauacha mwanga wa kompyuta peke yake,
nikamkuta marehemu kashika birika, ananingoja.
Nikamnyang'anya taratibu. Samahani, mzee.
Nikaandika: Mjane akamimina chai, vikombe viwili,
akakumbuka, akanywa vyote.
Miaka miwili sikuwahi kupata sentensi kama hiyo,
na nusu yake si yangu.

Kitabu cha karatasi kingekwisha kuwa rafuni,
kosa lake limevaa gundi na uzi.
Hiki changu kisicho na uzito
kilibadilika kabla jogoo wa landilodi hajawika.

Asubuhi nikamtumia Nyaboke toleo jipya, bure.
Simu ikalia: umepokea shilingi mia na hamsini.
Nikashuka mbio kumrudishia, akakataa.
"Kile nilikilipia. Hiki ni kingine."

Nikapanda ngazi.
Mbwa mzee wa ng'ambo alikuwa bado ananisubiri,
kurasa sita.