Stilwaya

Usiku wa Jamhuri, Kaptembwo, stima zilipotea saa mbili
na hakuna aliyelalamika.
Kule Milimani walirusha fataki za kununua,
mojamoja, kwa vituo, kama watu wanaohesabu pesa.
Sisi tulikuwa na Momanyi,
kamba ya katani, waya wa hanga
na stilwaya aliyoiba jikoni kwa mama yake.

Akaitia moto. Akaizungusha.

Basi ploti nzima ikageuka gurudumu,
cheche zikamwagika kama mahindi yanayopukuchuliwa na mtu mwenye hasira,
zikadunda kwenye mabati, zikazimika kwenye tope la mvua ya jana.
Kuku wa Mama Gathoni wakaamka wakidhani kumekucha;
jogoo akawika, kisha akanyamaza kwa aibu.
"Zungusha!" tulipiga kelele. "Zungusha!"
Hata Bwana Sitienei wa ghorofa ya pili,
aliyemzika mkewe mwezi wa kumi
na tangu hapo hajafungua dirisha,
akafungua.
Uso wake ukawaka, ukazimika, ukawaka.
Hakusema neno. Alitupa kitu chini:
stilwaya mpya, ndani ya karatasi yake,
ile ambayo marehemu hakuwahi kuitumia.

Tukaitazama kwanza.
Momanyi akaifungua taratibu, kama barua.

Asubuhi sufuria zilikuwa na ukoko,
mama mmoja akizisugua kwa mchanga na majivu, akiguna,
na kwenye shati langu la shule
matundu saba madogo.
Sikuyashona.