Maji Yasiyo na Mtu

Kisima cha mtaa wetu, hapa Nkuhungu, kina chumvi.
Sabuni haitoi povu, maziwa yanakatika kwenye chai,
na kila wiki naikwangua birika
kwa kijiko kilichokwisha meno.
Daktari amesema bibi aache chumvi.
Hakusema anywe nini.

Jumamosi, watoto wakiwa kwaya,
nikaitoa sufuria ya misiba,
ile yenye jina la jumuiya kwa rangi nyekundu.
Katikati nikaweka nusu ya jiwe la kusagia
(nusu nyingine inazuia mlango wa banda),
juu ya jiwe bakuli la bati,
kulizunguka jiwe, maji ya kisima,
yasifike ukingo wa bakuli.
Mfuniko nikaugeuza, kitovu kikatazama chini.
Penye nyufa nikaziba kwa donge la unga wa uwele.
Mgongoni mwa mfuniko, maji baridi
na barafu mbili za ubuyu
nilizokopa kwa Mama Sechelela.

Halafu moto. Mdogo.
Moto mkubwa unarusha chumvi hadi bakulini,
hilo nililijua baada ya kuharibu mara mbili.

Bibi Mbeleje kavuta kigoda.
"Unapika nini?"
"Maji."
"Yataiva lini?"

Nikasikia tone la kwanza, ti,
kama ukucha kwenye bati.
Kisha kimya.
Kisha ti.

Akaanza kusema, si kwangu, kwa sufuria.
Kiangazi kule Bahi, mbuga ikikauka ikapasuka,
walikwangua udongo mweupe kwa vipande vya vibuyu,
wakauchuja kwenye chungu kilichotobolewa tako,
wakachemsha toka jogoo wa kwanza.
Mvuke ulikwenda zake. Nani aulize mvuke unakwenda wapi?
Kilichobaki chini ndicho kilichomvalisha baba yako
kaptula ya shule,
ndicho kilichomnunulia mama yangu sanda.
"Na wewe," akasema, "unakamata nilichokiacha kiende,
unatupa nilichokesha nacho."

Sikuwa na jibu. Nikaongeza kaa moja.

Hodi. Mjumbe Chilongani,
pua imetangulia, tumbo linafuata.
"Nimeambiwa humu kuna mtambo."
"Upo."
"Wa gongo?"
"Onja, mjumbe."
Nikamfunulia. Mvuke ukamlamba miwani.
Akachota kwa kikombe cha plastiki, akafumba macho,
akangoja koo liungue.
Akangoja.
Akachota tena, safari hii kwa haki ya serikali.
"Hii," akasema, "imeharibika,"
akaondoka na aibu yake
na robo nzima ya kazi yangu ya asubuhi.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.
Tangu Pasaka sijamsikia akicheka.

Saa saba mchana: kikombe kimoja na nusu.
Mkaa wa elfu moja mia tano, barafu mbili za deni,
mgongo wangu, donge la uwele likigeuka mkate mgumu
ambao kuku walilipigania.
Kikombe kimoja na nusu.
Ukipiga hesabu, unaacha.
Sikupiga.

Nikampoozea, nikampa kwa mikono miwili.
Akayashika mdomoni muda mrefu,
kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani.
Akameza.
"Hayana mtu ndani," akasema.
"Mabaya?"
"Sijasema mabaya. Nimesema hayana mtu."
Akamaliza yote, akapindua kikombe,
akanionyesha kilivyo kikavu, kama watoto
wanavyoonyesha kuwa wamekunywa dawa.

Jioni naosha sufuria.
Chini yake duara jeupe, nene pembezoni,
na jiwe la kusagia limevaa shanga za chumvi.
Namwagia maji, nashika steli waya.

"Usikwangue," sauti inatoka ndani, gizani,
kitandani kwake, ambako nilidhani amelala.
"Bibi, daktari..."
"Silambi. Nani kasema nalamba?
Niletee nione imekaaje."

Nimempelekea sufuria nzima, na koroboi.
Anapitisha kidole juu ya ule weupe, polepole,
anausugua kati ya vidole viwili, anausikiliza.

"Moto ulikuwa mdogo mno," anasema.
"Lakini kwa mara ya kwanza, si haba."