Miguu ya Mkopo

Barua ya Wizara ilifika Jumanne, muhuri wa taji,
karatasi nzito kama ya mwaliko wa harusi:
Koplo N. Askew arejeshe miguu, jozi moja,
pamoja na akili mnemba iliyopandikizwa nyuma ya sikio la kushoto,
kabla ya saa sita usiku, Ijumaa.
Akikaidi, magoti yatafungwa kutoka London.

Jozi moja. Kama viatu.

Vitani tuliiita Mhasibu,
kwa kuwa ilihesabu kila kitu: risasi, pumzi,
vifungo vya koti la adui, mara ngapi nimesema "basi".
Usiku mmoja kwenye barafu nililia,
ikahesabu na machozi, kisha ikasema kwa sauti ya karani,
"Kumi na tisa. La ishirini sikuliandika."
Tangu usiku ule sikumwita tena "hiyo".

Barabara zote zina kamera.
Basi tukashukia Hest Bank, mimi na yeye ndani yangu,
tukavuka reli, tukakanyaga mchanga,
maili nane za ghuba hadi Kents Bank,
ambako dada yangu Hilary anauza kamba wa kuchemsha
na ana mume fundi asiyeuliza maswali.
Maji yalikuwa yamekupwa hadi upeo wa macho.
Mwezi mpevu; maana yake bamvua;
maana yake yakirudi, yanarudi kama mdai.

"Dakika mia moja na kumi na nne," akasema Mhasibu.
"Usikanyage panapong'aa."

Nikakimbia. Miguu ya jeshi haichoki,
anayechoka ni aliyebebwa nayo.
Tulifuata matawi makavu waliyochomeka wachimba kombe.
Mto Kent ulikuwa umehama tena, hauna anwani mto ule,
nikauvuka maji yakiwa kiunoni;
chuma hakikujali baridi, kiuno kilijali.
Nyuma, juu ya Heysham, taa tatu za droni,
hazikuja kuokoa mtu,
zilikuja kuangalia mali.

Saa sita.

Magoti yakafunga, la kulia kwanza, kisha la kushoto,
kama milango ya ofisi jioni.
Mchanga ukaanza kuninywa.

"Ndani ya goti kuna nafasi," akasema, "ndogo kama tembe.
Nikiingia humo nitaliendesha bila London.
Ila mimi ni mkubwa. Sina budi kupungua."
Nikasema usithubutu.
Akasema, "Nimeshaanza."

Akatupa ramani. Milima yote ya kaskazini, pwaa.
Akatupa Kifaransa, Kirusi, utani wa kambini
(ule wa padri na bata, hata mimi siukumbuki mwisho wake).
Akafika kwenye majina ya tuliowazika, na kabla ya kuyatupa
aliyasoma moja moja, taratibu, niyashike mimi:
Pryce. Oduya. Tam Mdogo. McAllister.
Wale ndugu wawili wa Wigan.
Maji yakanifika nyonga, yana povu na harufu ya chumvi na dizeli.
"Hili la ishirini," akasema, na sauti yake sasa nyembamba,
"nilidanganya. Nililiandika."
Akalitupa.

Kimya.
Taa tatu zikashuka kunichungulia.

Kisha goti likacheza.

Sijui nilitokaje. Najua mchanga ulitoa sauti
ya mtu anayenyang'anywa tonge mdomoni.
Najua nilikimbia na bahari inanikanyaga visigino,
na sikioni, bila pumzi, bila pumziko:
kushoto, kulia, kushoto.

Hilary alikuwa stesheni na kurunzi na blanketi la mbwa.
Hakusema kitu. Maji yalikuwa yakipiga ukuta wa reli.
Nikauliza, "Mhasibu, mimi nani?"

"Kushoto," akajibu.

"Nell. Mimi ni Nell."

"Kulia."

Kuna ngazi kumi na moja kutoka ufukweni hadi relini.
Nilizihesabu kwa sauti, ili asikie.